Je, Wajua? Mungu Mmoja Hakujulikana kwa Siku Moja

Je, wajua kuwa Farao mmoja aliwahi kupiga vita miungu ya Misri kwa patasi? Akhenaten, aliyeanza kutawala mwaka 1350 KK hivi, alimtukuza Aten, yaani jua, akatuma mafundi wakwangue jina la mungu Amun kwenye kuta za mahekalu. Alipokufa, mambo yakarudi palepale. Kijana Tutankhaten, aliyekuja kukikalia kiti hicho, alibadili jina akawa Tutankhamun. Mwaka 1939 Sigmund Freud alidai kwamba Musa aliitoa imani yake kwa Akhenaten. Hadithi tamu, ila ushahidi hakuwa nao.

Je, wajua kwamba huenda maandishi ya kale kuliko yote yenye jina la Mungu wa Israeli yako Sudan? Kwenye hekalu la Soleb, kando ya Nile, baba yake Akhenaten alichonga orodha ya mataifa aliyojigamba kuyatiisha. Humo wamo Washasu, wafugaji wa kuhamahama, wa nchi iitwayo Yhw. Wataalamu bado wanavutana kuhusu maana yake.

Isome tena ile amri ya kutokuwa na miungu mingine. Inakataza kuiabudu, haisemi kwamba haipo. Zaburi ya 82 inamwonyesha Mungu akisimama katika baraza la miungu na kuihukumu. Na huko Kuntillet Ajrud, jangwani Sinai, wachimbaji wa miaka ya 1970 walikuta mitungi ya mwaka 800 KK hivi yenye baraka kwa jina la Yahwe, Mungu wa Israeli, “na Ashera wake”; Ashera ni jina la mungu wa kike. Manabii hawakuwa wakifoka bure.

Basi kauli kwamba hakuna mungu mwingine kabisa ilipata wapi makali? Katika kushindwa. Mwaka 586 KK Wababeli waliichoma Yerusalemu pamoja na hekalu lake. Kwa hesabu za wakati ule, mji ukianguka, mungu wake naye ameanguka. Lakini Isaya sura ya 40 hadi 55, zinazozungumza na watu walio uhamishoni, zinaipindua hesabu hiyo: Babeli yenyewe imo mkononi mwa Mungu wa hao walioshindwa, na miungu ya Babeli ni mizigo ya kubebwa na wanyama. Sura ya 45 inathubutu hata kumwita Koreshi, mfalme wa Uajemi, masihi wa Bwana. Koreshi mwenyewe, katika silinda yake ya udongo iliyoko British Museum, anamsifu Marduk, mungu wa Babeli.

Je, wajua kuwa Wayahudi waliwahi kuwa na hekalu lao Misri, kwenye kisiwa cha Elephantine, hapo Aswan? Walikuwa askari wa kukodiwa wa Waajemi. Mwaka 410 KK makuhani wa Khnum, mungu jirani mwenye kichwa cha kondoo dume, walishirikiana na mkuu wa eneo wakalibomoa. Barua ya maombi ya mwaka 407 KK bado ipo. Wanaandika kwamba tangu siku ile wanavaa magunia na kufunga, hawanywi divai, hawajipaki mafuta, na wake zao wamekuwa kama wajane. Husikii unafiki hata chembe. Lakini katika orodha ya michango ya jamii hiyohiyo, fedha zimegawiwa Yahu, yaani Yahwe, pamoja na miungu mingine miwili, Eshembethel na Anatbethel. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinataka mahali pamoja tu pa kutolea dhabihu. Hawa, kwa dalili zote, wala hawakujua kwamba wanakosea.

Je, wajua kipande cha kale zaidi cha maneno ya Biblia tulicho nacho? Ni vibamba viwili vidogo vya madini ya fedha vilivyokunjwa, kikubwa hakifiki sentimita 10 kikikunjuliwa. Gabriel Barkay na wenzake walivipata mwaka 1979 katika kaburi la Ketef Hinnom, Yerusalemu, na kuvikunjua bila kuvivunja kulichukua miaka. Ndani yake, kwa herufi zilizokwaruzwa kwa ncha nyembamba kabla hekalu halijachomwa au muda mfupi baadaye, imo ile baraka ya Hesabu sura ya 6 ambayo Mlutheri yeyote wa Tanzania huisikia mchungaji anapoinua mikono mwishoni mwa ibada.

Mwaka 63 KK jemadari Pompeius wa Roma aliingia Patakatifu pa Patakatifu pa hekalu la Yerusalemu, lililokuwa limejengwa upya. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anasema hakukuta sanamu yoyote.

Je, wajua kwamba Wakristo wa kwanza waliitwa wakanamungu? Hawakuwa na sanamu wala dhabihu, na miungu ya dola hawakuitambua. Huko Smirna, karne ya pili, askofu mzee Polikarpo aliamriwa aseme “waondoke wakanamungu” ili anusurike. Inasimuliwa kwamba aliutazama umati uliokuja kumwona akifa, akaunyoshea mkono, akayasema maneno hayohayo. Walimchoma.

Baadaye hata wafalme waliipokea imani hiyo: Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, alianza na sarafu zenye hilali na duara, akamalizia na zenye msalaba, karne ya nne.

Na maisha ni ya nini? Katekisimu Fupi ya Westminster ya mwaka 1647 ina maswali 107, na la kwanza ndilo hilo. Jibu lina sehemu mbili: kumtukuza Mungu, na kumfurahia milele. Mahubiri mengi niliyoyasikia huishia sehemu ya kwanza.

Je, wajua kwamba kitabu cha Esta, kwa Kiebrania, hakimtaji Mungu hata mara moja? Kitabu cha Mhubiri kinamtaja, lakini kinasema yote ni ubatili, kisha kinashauri mtu ale, anywe na aifurahie kazi yake. Marabi walibishana kama kitabu cha Mhubiri ni kitakatifu: shule ya Shamai ikakataa, ya Hileli ikakubali. Shule ya Hileli ikashinda, na leo katika masinagogi mengi husomwa kwenye Sikukuu ya Vibanda, wakati ambao Torati inawaamuru watu washangilie.