Jina, Anwani na Alama: Jinsi Mwongozo wa Chuo Kikuu Unavyomwelekeza Mwombaji

Mtahiniwa wa kidato cha nne aghalabu huchagua chuo kikuu kabla hajakitia machoni. Akionacho ni maandishi tu: jina la chuo, anwani, jina la shahada na alama ya kuingilia. Maandishi hayo humwelekeza kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa.

Eldoret yatoa mfano. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 kufuatia pendekezo la Tume ya Mackay ya 1981, kina anwani ya posta ya Eldoret, ilhali makao yake makuu yako Kesses, yapata kilomita 35 kutoka mjini. Mwanafunzi wake wa udaktari, hata hivyo, husomea mjini, kando ya hospitali ya rufaa. Chuo Kikuu cha Eldoret nacho, kilichopewa hati mwaka 2013, kiko Chepkoilel, kama kilomita 9 hivi. Kwa mzazi anayehesabu nauli na kodi ya chumba, tofauti hizo si ndogo.

Jina la shahada lina mtego wake. Shahada ya Sanaa katika Kiswahili na Shahada ya Elimu yenye somo la Kiswahili huonekana kama pacha. Lakini Tume ya Huduma za Walimu hudai mafunzo ya ualimu. Aliyechukua ile ya kwanza akitarajia kufundisha hulazimika kurudi darasani, na kulipa karo nyingine, ndipo asajiliwe.

Lenye uzito zaidi ni alama. KUCCPS, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, huonyesha alama za mwisho zilizowaingiza wanafunzi wa miaka iliyotangulia. Wengi huzisoma kama kipimo cha ubora wa masomo. Sivyo hata kidogo. Alama hiyo hupima msongamano: nafasi zikiwa chache na waombaji wenye alama za juu wakiwa wengi, hupanda. Ikishatangazwa, waliofaulu sana huikimbilia ili "wasipoteze pointi zao", nayo ikapanda tena. Idara yenye walimu hodari na waombaji haba hubaki chini mwaka baada ya mwaka.

Isitoshe, maelezo haya huandikwa kwa Kiingereza. Mzazi asiyeijua lugha hiyo huyapata kinywani mwa mtoto, na yanayomfikia huwa ni jina la mji na idadi ya pointi.