Visiwa vya Kobe

Chukua ramani ya dunia. Weka kidole juu ya mstari wa ikweta, pale unapopita katika Kongo yetu, ukaufuate kwenda magharibi. Utavuka bahari ya Atlantiki, utavuka Amerika ya Kusini, utaingia katika bahari kuu ya Pasifiki. Huko, karibu kilometa 1,000 kutoka pwani, utaona vitone vidogo. Ndivyo visiwa vya Galápagos. Jina hilo ni la Kihispania cha zamani, na maana yake ni kobe. Vinatawaliwa na nchi ya Ekwado, ambayo jina lake ni sawa na la jimbo letu la Équateur.

Visiwa hivyo havikumeguka kutoka nchi kavu, bali vilitoka chini ya maji. Moto wa ardhini ulipasua sakafu ya bahari, ukatapika mawe yaliyoyeyuka. Mawe yakapoa, yakalundikana, hata vichwa vya milima vikatokea juu ya bahari. Watoto wa Goma hawana haja ya kuelezwa mengi, kwa kuwa wanajua mawe meusi ambayo Nyiragongo iliyamwaga mjini kwao mwaka 2002. Visiwa vikubwa ni 13. Kimoja, Isabela, ni volkano 6 zilizoungana. Jirani yake, Fernandina, ilitapika moto tena mwaka 2024.

Watu wengi huvitembelea kwa meli ndogo. Meli nyingi huchukua wageni 16 tu, wala hakuna inayoruhusiwa kuchukua zaidi ya 100. Meli ndiyo nyumba yao: humo hula, humo hulala. Usiku, wageni wakiwa wamelala, nahodha huiendesha mpaka kisiwa kingine. Kukicha, hushuka katika mashua ndogo za mpira ziitwazo panga (si panga la kufyekea, watoto!) na kupelekwa ufukoni. Mara nyingi hakuna gati. Kila mtu huvua viatu, hukunja suruali, huingia majini mpaka magotini.

Mbele yao, katikati ya njia, amelala simba wa bahari. Huyo si simba kweli. Ngozi yake ni laini kama ya fisi maji, na mahali pa miguu ana mapezi. Ananyonyesha mtoto wake. Anafumbua jicho moja, anawatazama wageni, analifumba. Haondoki. Wageni ndio wanaozunguka.

Juu ya mawe wamelala mijusi wakubwa weusi, wanaofanana kidogo na kenge. Ni iguana wa baharini. Katika dunia nzima hakuna mjusi mwingine anayetafuta chakula chake baharini. Huzamia, hula mwani ulioshika mawe, kisha hurudi kuota jua, maana maji yamempoza mwili. Chumvi aliyoimeza huitoa puani kwa kupiga chafya, na asiyeangalia hurushiwa usoni.

Upande wa Fernandina na Isabela yuko mnandi ambaye mabawa yake yamekuwa mafupi, hawezi kuruka tena, huogelea tu. Wako hata pengwini, ndege wa nchi za baridi! Wanaishi vipi penye ikweta? Ni kwa sababu mikondo ya bahari huleta maji ya baridi, na samaki wengi pamoja nayo.

Basi, kwa nini wanyama hao hawakimbii? Visiwa vilipozaliwa havikuwa na kiumbe. Vyote vilivyofika kabla ya binadamu vilikuja kwa bahari au kwa hewa: mbegu ndani ya matumbo ya ndege, mijusi juu ya miti iliyochukuliwa na maji. Chui na mbwa hawakuweza kuvuka. Muda wa maelfu na maelfu ya miaka hakuna mnyama mkubwa wa kuwinda aliyefika, wala mwanadamu mwenye mkuki. Wanyama hawakuwa na sababu ya kujifunza woga.

Wa kwanza kuandika habari hiyo alikuwa askofu. Mwaka 1535 Tomás de Berlanga, mtawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko na Askofu wa Panama, alikuwa akienda Peru kwa merikebu ya matanga. Upepo ukakoma, mkondo ukaichukua merikebu mbali baharini. Tarehe 10 Machi wakaona kisiwa, na maji ya kunywa yalikuwa karibu kwisha. Walichimba kisima, maji yake yakawa na chumvi kuliko bahari yenyewe. Wakatafuna mimea ya miiba iliyo kama mpungate ili wapate utomvu wake. Jumapili ya Mateso Askofu alisoma Misa ufukoni, kisha akawatuma watu wawili wawili na watatu watatu kutafuta maji, na mwisho wakayapata bondeni kati ya mawe. Hata hivyo watu 2 na farasi 10 walikufa kwa kiu. Askofu alimwandikia mfalme wa Hispania kwamba ndege wa huko ni wajinga, hawajui kukimbia, na wengi walikamatwa kwa mikono.

Wakaja wengine, nao walitaka nyama. Kobe wa Galápagos huweza kupita kilo 250 na kuishi zaidi ya miaka 100. Tena huweza kukaa miezi mingi bila kula wala kunywa, na nguvu hiyo ndiyo iliyomponza. Wavuvi wa nyangumi waliwabeba kobe wakiwa hai, wakawapanga chini ya merikebu kama magunia, wakawachinja mmoja mmoja safarini. Wataalamu wanakadiri kwamba waliochukuliwa walipita 100,000.

Tena kobe si wa namna moja. Mwaka 1835 Mwingereza Charles Darwin alikaa visiwani wiki 5, na mtawala mmoja wa huko alimwambia kwamba akimwona kobe anajua ametoka kisiwa gani. Kwa hiyo kobe wa kisiwa wakiisha, hakuna mahali pengine pa kwenda kuwachukua. Kisiwani Pinta watu waliacha mbuzi 3 mwaka 1959. Mbuzi wakazaana, wakawa maelfu, wakamaliza majani. Mwaka 1971 alionekana huko kobe mmoja tu, dume. Wakamwita George, wakamtafutia jike wa ukoo wake kila mahali, wasipate. Alikufa tarehe 24 Juni 2012.

Kisiwani Española walibaki kobe 14: majike 12 na madume 2. Hao walikusanywa na kulindwa, wakaongezewa dume mmoja aliyekuwa amefungwa katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani. Walizaa mamia na mamia ya watoto, wakarudishwa kisiwani kwao. Mwaka 2020 wazee wenyewe, wote 15, walirudishwa nyumbani.

Kazi hiyo ilianza mwaka 1959, Ekwado ilipovifanya visiwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka huo huo shirika la kuvisaidia liliundwa huko Bruxelles. Mkubwa wake wa kwanza alikuwa Mbelgiji Victor Van Straelen, ambaye hapo kwanza aliongoza hifadhi za Kongo, pamoja na ile tunayoiita leo Virunga.

Sasa mtaelewa kwa nini wageni hulala melini, na kwa nini hawaruhusiwi kutembea bila kiongozi mwenye kibali cha hifadhi. Hukaa meta 2 mbali na kila mnyama, hata mnyama akikaa kimya kabisa. Hawampi chakula. Hawachukui jiwe wala kombe. Viatu husafishwa, maana mbegu moja katika tope yaweza kufanya kazi kama ile ya mbuzi watatu. Kabla jua halijatua, wote hurudi melini. Mwaka 2023 wageni walipita 300,000. Fikiri kama kila mmoja angemshika kobe mgongoni!

Kitu kimoja tu wanaruhusiwa kukichukua. Kisiwani Floreana kuna pipa ambalo wavuvi wa nyangumi walilifanya posta tangu zaidi ya miaka 200 iliyopita. Aliyekuwa akirudi kwao alichukua barua za wenzake. Hata leo wageni hutia humo barua zisizo na tembo, kisha huzipekua zilizomo. Mtu akiona barua ya mtu wa mji wake, huibeba mpaka nyumbani, akabisha hodi mlangoni, akampa mwenyewe mkononi.