Mtoto wa Mama Wawili Asiaibishwe Darasani

Mwalimu atokaye Kitui au Nandi akapangiwa kazi Garissa huja na mila zake, naye hukuta za wenyeji. Mojawapo ya mila izuazo maswali darasani ni ndoa ya mwanamke kwa mwanamke. Walimu kadhaa wameniuliza: tuizungumze vipi, na sheria yasemaje?

Kwa Wakamba, mke wa ndoa hiyo huitwa iweto. Mwanamke asiyejaliwa mtoto humtolea mahari mwanamke mwenzake. Huyo huzaa na mwanamume, na watoto wakahesabiwa kuwa wa nyumba ya aliyetoa mahari. Wanandi, Wakisii na Wakuria wana mila kama hiyo. Shabaha yake ni kizazi na urithi. Si sawa, basi, kuifananisha na ndoa za jinsia moja zilizohalalishwa Afrika Kusini mwaka 2006.

Sheria yetu haikunyooka. Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Hata hivyo, mwaka 2011, Jaji J. B. Ojwang wa Mahakama Kuu mjini Mombasa aliitambua ndoa ya Kinandi ya wanawake wawili, akamhesabu aliyeolewa kuwa na haki katika urithi wa marehemu. Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya 2014, iliyoieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke.

Mjini Garissa, wenyeji walio wengi ni Waislamu, na dini yao haiitambui ndoa hiyo. Mambo yao ya ndoa na mirathi huweza kuamuliwa na Kadhi. Lakini Katiba imemwekea Kadhi mpaka: wahusika wote sharti wawe Waislamu na wayakubali mamlaka yake. Kwa hiyo wanafunzi wawili waketio dawati moja huenda wakarithi kwa sheria mbili tofauti.

Anayeumia katika utata huu ni mtoto. Mama aliyetoa mahari akifariki, jamaa huweza kumwuliza mtoto, "Wewe ni wa nani?" Ndiyo maana nawasihi akina mama hao waandike wasia mapema, ushuhudiwe na watu wawili au zaidi.

Nanyi walimu, msimlazimishe mtoto kumtaja babaye mbele ya wenzake. Siku ya wazazi, yule mama aliyetoa mahari apewe kiti cha mzazi. Nanyi wanafunzi, mna uhuru wa kuipinga mila hii kwa hoja na kwa imani. Lakini kumcheka mwenzenu kwa sababu ya nyumba ambayo hakuichagua ni utovu wa adabu. Wahenga walinena: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.