Nguruwe Mwitu wa Nchi za Baridi na Ngiri wa Manyara

Kaskazini ya mji wa Babati zimo Hifadhi za Taifa za Tarangire na Ziwa Manyara, wanamoishi ngiri. Mjini na vijijini, watu wengi hufuga nguruwe. Je, wanyama hawa wana uhusiano gani na theluji ya Uswidi?

Nguruwe mwitu wa Ulaya ndiye asili ya nguruwe tunaowafuga. Nchini Uswidi alikuwa ametoweka, lakini katika miaka ya 1970 baadhi yao walitoroka mazizini wakazaana porini. Kanada hakuwako kamwe; aliletwa kufugwa kwa ajili ya nyama, hasa katika miaka ya 1980 na 1990. Waliotoroka wameenea Saskatchewan, ambako baridi hushuka chini ya nyuzi 30 kasoro. Huistahimili kwa sababu wana miili mikubwa na manyoya mazito, hula karibu kila kitu, na hulala katika marundo ya matete yaliyofunikwa na theluji.

Mwaka 1921 Montgomery alieleza ugonjwa uliokuwa ukiua nguruwe wa walowezi nchini Kenya, yaani homa ya nguruwe ya Afrika. Virusi vyake huishi ndani ya ngiri na papasi wa mashimoni mwao, wala ngiri haugui. Lakini nguruwe wa kufugwa, na nguruwe mwitu wa Ulaya, hufa karibu wote.

Mwaka 2007 virusi hivyo vilivuka kutoka Afrika hadi Georgia, vikaenea Ulaya. Mwaka 2023 vilizuka Fagersta, Uswidi, mamia ya kilometa kutoka eneo lililoambukizwa. Nguruwe hawatembei mbali hivyo; yaaminika vilifikishwa na binadamu. Na kwa kuwa baridi huhifadhi mizoga, virusi hudumu humo kwa miezi. Waswidi walifunga msitu, wakaondoa mizoga, na mwaka 2024 ugonjwa ukatokomezwa.

Basi, mnyama na kijidudu havina madhara yale yale kila mahali: mkono wa binadamu unapovihamisha, mizani huvurugika. Ugonjwa huu hauna tiba. Mfugaji wa Babati hana budi kujenga zizi imara lisilofikiwa na ngiri wala papasi, kutolisha makombo ya nyama yasiyochemshwa vema, na kumwarifu ofisa mifugo mara vifo vinapotokea. Wanafunzi nao wachunguze: nguruwe wa jirani hufungiwa, au huzurura?