Je, Wajua? Miti Iliyorudi Shinyanga

Je, wajua kwamba mwaka 1984 Mwalimu Julius Nyerere aliitaja Shinyanga kuwa jangwa la Tanzania? Miaka miwili baadaye ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliosaidiwa na Norwei na kufanya kazi hadi 2004.

Je, wajua kwamba miti mingi ya huko haikuuawa na ukame? Ilifyekwa kwa amri. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwatoa Wasukuma kwa maelfu, kupitia watemi wao, wakafyeke mapori ili mbung'o wakose maficho. Kituo cha kuwatafiti wadudu hao kilikuwa pale pale Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na kuni zikamaliza kilichobaki.

Je, wajua kwamba Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa kutunza malisho kabla hajafika bwana misitu yeyote? Unaitwa ngitili. Mvua zikianza, kaya au kijiji kinafunga eneo la malisho, na hakuna ng'ombe anayeingia. Kiangazi kikikolea na nje hakuna tena cha kulisha, eneo linafunguliwa kipande kwa kipande. Wa kwanza kuingia ni ndama, ng'ombe wa maziwa, wanyama wagonjwa na maksai. Maksai wana sababu yao: mvua ya kwanza ikinyesha lazima wawe na nguvu za kuvuta jembe, la sivyo familia inachelewa kulima na njaa inawakuta. Ukipita karibu na ngitili iliyotunzwa mwishoni mwa kiangazi, upande mmoja unaona udongo mtupu uliopasuka, na upande wa pili nyasi ndefu zilizokauka zikiwa bado zimesimama chini ya migunga.

Je, wajua ni nini kilichovunja utaratibu huo? Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilichangia sana. Familia iliyohamishiwa kijiji cha mbali haikuweza tena kulinda malisho iliyoyaacha nyuma.

HASHI yenyewe ilianza na vitalu vya miche, tena mingi ya miti ya kigeni. Wananchi hawakuichangamkia. Maofisa walipokaa na wazee na kuwasikiliza, ngitili ikarudi mezani, nayo haikudai gharama kubwa kwa kuwa chini ya ule udongo mtupu visiki na mizizi bado vilikuwa hai. Ukiwazuia ng'ombe na shoka kwa misimu michache, vinachipua vyenyewe.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa na jumla ya hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji 833. Mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa iitwayo Tuzo ya Ikweta.

Je, wajua nani alilinda eneo lote hilo? Si askari wa misitu. Sheria zilipitishwa kwenye dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakazisimamia. Aliyeingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mwenzake alitozwa faini. Mkaidi alitengwa, na Usukumani kutengwa ni adhabu nzito kuliko fedha.

Wapo walioamini kwamba ulinzi kama huo hauwezekani. Mwaka 1968 Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, aliandika kwamba malisho ya pamoja hayana budi kuharibika. Lakini mtafiti Elinor Ostrom alikusanya ushahidi wa jamii nyingi duniani zilizotunza mali zao za pamoja kwa kanuni walizojitungia, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Wazee wa Usukuma wangeweza kumpa ushahidi wa kutosha.

Je, wajua kwamba faida ya ngitili imewahi kupimwa nyumba kwa nyumba? Profesa Gerald Monela na wenzake walihoji kaya 240 katika vijiji 12, na matokeo yakatolewa mwaka 2005. Walihesabu kila kitu: kuni, nyasi za kuezekea, asali, dawa, malisho, matunda ya porini. Thamani yake ilifikia dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa wastani wa dola 8.50. Kaya 64 katika kila 100 zilisema maisha yao yamekuwa nafuu. Takwimu inayonigusa zaidi ni ile ya muda: safari ya kuni ilipungua kwa saa mbili hadi sita, ya maji kwa saa moja hadi mbili. Saa hizo ni za akina mama na mabinti, na hakuna kipimo cha udongo ambacho kingeweza kuzionyesha.

Utafiti wa namna hiyo unafichua pia yasiyopendeza. Mwenye ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa, na asiye na ardhi anabaki kununua nyasi na kuni. Wanawake wamepunguziwa mwendo, lakini uamuzi kuhusu ardhi bado uko kwa wanaume. Huo ni upungufu mkubwa na hauponi kwa kupanda miti.

Je, wajua kwamba Kondoa ilitumika njia tofauti kabisa ya kuponya ardhi? Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwa amri kwenye eneo lililomomonyoka. Makorongo yalipona na mimea ikarudi, lakini kaya zilikosa maziwa na samadi kwa miaka mingi, hadi ufugaji wa ndani uliporuhusiwa. Huko Babati, vijiji vinavyopakana na msitu wa Duru-Haitemba vilikabidhiwa msitu huo katikati ya miaka ya 1990, na wanavijiji wakaulinda wenyewe kwa sheria ndogo zao.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga na kulinda maeneo yake. Kama kwenu kuna ngitili inayolindwa kwa mazoea tu, iombeeni nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, iingizwe katika mpango wa matumizi ya ardhi kabla mtu mwingine hajaipimia viwanja.