Mguu Wako Unafika Wapi?

Kijana msomaji, labda umekwisha kuona jambo hili kwenye michezo ya masomo: mutoto anakimbia vizuri, anaruka mbali, watu wanapiga mikono, kisha mwamuzi anainua bendera nyekundu. Vidole vya mguu vimepita mstari wa ubao. Kuruka kule hakupimwi, hata kama kumeshinda kwa wote. Anarudi nyumbani na muchanga tu kwenye nguo.

Hata wakubwa wamepata shida hiyo. Mwaka 1968, kule Mexico, Bob Beamon wa Marekani alikosa mara mbili siku ya kuchagua watakaoendelea. Ilibaki mara moja tu. Ralph Boston, aliyekuwa mshindani wake, ndiye alimshauri akanyage mapema, nyuma ya mstari. Akatii, akapita. Kesho yake akaruka meta 8,90, na hakuna aliyempita mpaka mwaka 1991.

Basi wewe ufanye namna gani? Ubao ni santimeta 20 tu, na hauwezi kuupata kwa bahati. Anza kwa kugeuza mbio: simama kwenye ubao, mugongo kwa muchanga, ukimbie hatua 12 kwa nguvu yako ya kweli. Ndugu yako, ao papa yako akiwa na nafasi, aangalie pale mguu wa 12 unaanguka. Weka alama pale, kando ya njia, si ndani yake. Sasa rudia kutoka kwenye alama, mguu wa kurukia ukiwa mbele. Hatua ya kwanza ni ya mguu mwingine. Fanya mara tano ao sita bila kuruka. Ukipita mstari kwa santimeta 30, sogeza alama nyuma santimeta 30. Pima na mita ya kamba, halafu uandike mu kaye.

Lakini alama haisaidii kitu kama mwanzo wako unabadilika. Leo unaanza kwa kusimama, kesho kwa kutembea: hapo njo makosa yanazaliwa. Chagua moja. Upepo ukikupiga usoni, hatua zinakuwa fupi, sogea mbele kidogo. Ukikusukuma, rudi nyuma.

Mwaka 1982 wachunguzi wa Edinburgh walionyesha kwamba hata warukaji hodari wanakosea kidogo kidogo mu mbio, kisha macho yao yanasahihisha mu hatua za mwisho. Kwa hiyo utazame ubao ukiwa bado mbali. Ukishafika karibu, inua macho, usinyooshe mguu kuutafuta, maana kunyoosha kunakata mbio.

Na mwenye kukuangalia asikae kwenye muchanga. Asimame pembeni, sawa na ubao, akuambie santimeta ngapi, si «karibu» ao «vizuri» tu.