Bima ya afya: Mkulima alipe lini?

MKULIMA wa mahindi katika Kaunti ya Trans Nzoia hupata pesa za maana mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Mwenye kibanda cha mboga sokoni hupata kila siku, lakini kidogo kidogo. Mwalimu naye hupokea mshahara kila mwisho wa mwezi.

Wote watatu huugua, na ugonjwa hausubiri msimu.

Hapo ndipo penye ugumu wa mpango wa afya kwa wote nchini Kenya. Wanasiasa wamebishana kwa miaka mingi kuhusu kiasi ambacho kila mtu anafaa kutozwa. Kwa anayejiajiri, swali zito zaidi ni wakati wa kulipa.

Mjadala huu si mgeni. Bima ya NHIF ilianzishwa mwaka wa 1966 kwa ajili ya watu wa mishahara, na baadaye wanaojiajiri wakaruhusiwa kujiunga kwa hiari. Mnamo 2004, Bunge lilipitisha mswada wa Waziri wa Afya wa wakati huo, Bi Charity Ngilu, uliolenga kumpa kila Mkenya bima. Waajiri na kampuni za bima waliupinga, na Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi kwa sababu ya gharama yake.

Ilichukua karibu miaka 20 kabla ya wazo hilo kurudi kwa nguvu. Oktoba 19, 2023, Rais William Ruto alitia sahihi sheria ya kuvunja NHIF na kuunda Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Julai 2024, Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria hiyo inakiuka Katiba, lakini Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na SHA ikaanza kazi Oktoba 1, 2024.

Hesabu yenyewe

Chini ya mpango huo, serikali inafaa kulipia huduma za zahanati na vituo vya afya kutokana na kodi. Matibabu ya hospitali hulipiwa kwa michango ya wananchi.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake, bila kikomo cha juu. Anayepata Sh20,000 hukatwa Sh550, ilhali NHIF ilikuwa ikimtoza Sh750. Anayepata Sh200,000 hukatwa Sh5,500, ilhali awali hakuzidisha Sh1,700. Watetezi wa sheria wanasema hiyo ndiyo haki: mwenye nacho amsaidie asiye nacho. Wapinzani wao wanasema mwenye mshahara amegeuzwa ng'ombe wa kukamwa kwa kuwa hana pa kujificha.

Mkulima na mfanyabiashara mdogo hawana hati ya mshahara. Wao huulizwa maswali kuhusu makao na maisha yao, na mtambo hukadiria mapato. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Lalama ni kuwa nyumba nzuri si ushahidi wa pesa mfukoni. Huenda ilijengwa miaka ya mavuno mema, au na mtoto aliye kazini mjini.

Kwa mwaka, Sh300 kwa mwezi ni Sh3,600. NHIF ilikuwa ikitoza wanaojiajiri Sh500 kwa mwezi, yaani Sh6,000 kwa mwaka. Kwa hivyo mnyonge amepunguziwa. Tatizo ni kwamba sasa hutakiwa kulipa za mwaka mzima kwa mkupuo, kabla ya kutibiwa. Ada hiyo ikigongana na msimu wa kununua mbegu na mbolea, au karo, bima ndiyo huachwa.

Mwaka wa 2025 serikali ilianzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomwezesha mtu kukopa ada hiyo na kuilipa kwa awamu. Ni afueni, ila mkopo ni deni.

Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi nchini wako nje ya ajira rasmi. Wasipochangia, mzigo huwaelemea wachache wa mishahara, hospitali hucheleweshewa malipo, na mgonjwa huambiwa atoe pesa taslimu. Familia huuza ng'ombe wa maziwa kwa bei ya kutupa. Mgonjwa hupona, lakini maziwa yaliyokuwa yakilipa karo hayapo tena.

Anayeuza maziwa au majani chai kupitia chama cha ushirika anaweza kuomba akiba ya bima iwekwe kando kila malipo yanapoingia. Wafanyabiashara wa soko wanaweza kutumia chama chao: Sh10 kwa siku ni Sh3,650 kwa mwaka, kiasi kinachotosha ada ya chini kabisa. Mkulima wa mahindi naye alipe siku anayouza magunia, kabla pesa hazijapata kazi nyingine.